Saa Iliyojazwa Jana

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, anza kwa kujua kwamba unamsoma mwizi. Jina hilo sikujipa. Nilipewa Tunduru, kwenye arobaini ya baba yangu mzazi, mbele ya watu waliokuwa bado na mafuta ya pilau vidoleni.

Mlio nami tangu mwanzo mnayajua. Baba yangu, Mzee Alfani, alipata kiharusi akaletwa hospitali hapa Songea. Nikamuuguza siku tano. Siku ya tano akafariki, na tulipokabidhiwa vitu vyake saa yake ya mkono haikuwemo. Kaka yangu Muhsini, tuliyechangia naye baba tu, akasema aliyelala na mgonjwa ndiye anayejua saa ilipo.

Aliyelala na mgonjwa ni mimi, Zulfa.

Ni miezi minne sasa. Muhsini ameshawajaza wazee maneno kwamba mwizi wa marehemu hagawiwi mikorosho ya marehemu. Wiki iliyopita niliwaachia pale aliposimama ukumbini na kutangaza kwamba Ijumaa, baada ya sala, itasomwa albadiri, ili aliyechukua saa ile adhurike popote alipo.

Kisomo hicho kwetu hakitaniwi. Nimeona watu wakirudisha baiskeli na redio alfajiri na mapema kwa kusikia tu kwamba kitasomwa.

Watu wote walinigeukia, wakisubiri nilie. Walichelewa. Machozi yangu niliyamaliza hospitalini.

"Someni," nikawaambia. "Mkitaka someni hata leo. Ubani nanunua mimi. Na mkono uliochukua saa ya baba, na uoze."

Naungama hapa mbele yenu: nilimaanisha kila neno. Nilitoa pesa ya ubani kwenye pochi yangu, nikaiweka mezani, nikapanda basi kurudi Songea.

Wazo la kununua saa lilinijia nikiwa kwenye cherehani. Nashona sare za shule Mfaranyaki, kibaraza cha tatu kutoka kwa muuza chipsi. Nilikuwa napachika mfuko kwenye shati la mtoto wa darasa la pili, mara mkono ukasimama wenyewe.

Kama mimi ni mwizi wa saa, nikajisemea, basi Ijumaa nitaingia kwenye kisomo chao nimevaa saa. Si hizi za plastiki zinazouzwa na karanga stendi. Saa ya zamani, ya kujaza kwa mkono, ya rika la ile ya baba. Nitakaa mstari wa mbele na mkono juu ya goti, waikodolee macho mpaka yawatoke.

Jioni ile, Jumanne, nikamwambia mama.

Mama yangu, Bi Mwanahawa, tunakaa naye Ruhuwiko. Aliachwa na baba nikiwa na miaka saba na hakuolewa tena. Alikuwa anachambua mboga.

"Saa ya nini, mwanangu, na simu unayo?"

"Ya kuwaudhi."

"Usiende kwenye hicho kisomo. Waachie mikorosho yao, nasi tule tulicho nacho."

"Mama, mimi sijaiba! Wasioiba hawaogopi albadiri."

Asubuhi ya Jumatano nilipoamka alikuwa ameshatoka, chai yake imebaki nusu kikombe. Nikadhani amewahi dagaa sokoni.

Alasiri nikafunga cherehani, nikaenda kwa fundi saa.

Anaitwa Kassian, mtu wa Maposeni, mzee wa miaka sitini na ushee. Kazi alifunzwa ujanani na mafundi wa misheni. Meza yake iko chini ya bati la duka la vifaa vya baiskeli, na ana kioo kidogo cheusi anachokibana jichoni hata akiwa anakula.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Betri?"

"Sitaki betri. Nataka kununua saa ya zamani. Ya kujaza."

Akakitoa kile kioo jichoni, akanitazama vizuri.

"Umewahi kuwa nayo?"

"Sijawahi. Hii ndiyo ya kwanza."

"Basi kaa. Wa kwanza huwa wananunua kwa macho, halafu wanarudi kunigombeza mimi."

Akatandika kitambaa cheupe, akaweka saa tatu. Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya dhahabu, inang'aa hata kivulini. Nikaishika papo hapo, nikaiweka mkononi, nikajiona nimeketi mbele ya Muhsini.

"Hii hii, fundi. Fungasha."

"Umeona?" akacheka. "Soma maandishi ya kwenye uso wake."

Akanipa kioo. Herufi zilikuwa zimelala upande, nyingine nene, nyingine nyembamba.

"Uso umepakwa rangi upya, na ndani mashine ni ya saa nyingine. Niliinunua kwa ajili ya vipuri. Ukitaka nitakuuzia, ila usije ukasema Kassian hakukwambia."

Nikaivua kwa aibu.

Ya pili ilikuwa kubwa, nyeusi, ya kiume hasa. Nikaiweka sikioni, ikalia kwa nguvu. Nikamwambia hii nayo si mbaya.

"Ilaze kifudifudi, kisha hesabu mpaka hamsini."

Nilifika thelathini na mbili, ikanyamaza.

"Saa hii inatembea ukiwa umesimama," akasema. "Ukilala nayo, inalala. Huwezi kuijua mpaka uigeuze pande zote. Ukienda kwa fundi mwingine, fanya hivyo hivyo. Igeuze, isikilize, fungua mgongo uangalie kutu ya jasho. Uzuri uangalie mwisho."

Nikaanza kumpenda mzee yule. Muhsini na wazee wake walinihukumu bila kunigeuza hata upande mmoja.

Ya tatu sikuwa hata nimeitazama. Ilikuwa ndogo, ya chuma cheupe, uso wa rangi ya maziwa, kidirisha cha tarehe upande wa kulia, mkanda wa ngozi ya kahawia uliopakwa mafuta. Kioo chake kilikuwa na mikwaruzo mingi.

Nikaiweka sikioni. Ililia taratibu na sawasawa. Nikailaza chali, kifudifudi, kwa ubavu. Nilihesabu mpaka mia mbili, ikawa inaendelea tu.

"Nifungulie mgongo."

Akafungua. Ndani kulikuwa safi. Kigurudumu kidogo kilikuwa kinacheza huku na huku bila kusita.

"Mwenyewe alikuwa anaitunza," akasema fundi. "Hii nimeipokea leo asubuhi. Haina doa, ila mishale tu imekaa vibaya. Angalia."

Nikaangalia. Ilikuwa saa tisa alasiri, na ile nyeusi mshale wake mfupi ulikuwa kwenye tatu, kama saa za watu wote. Hii ndogo mshale wake mfupi ulikuwa kwenye tisa.

"Imekosea masaa sita," nikasema.

"Sita kamili. Mimi mishale siigusi mpaka saa ipate mtu. Sasa imekupata wewe, ngoja niiweke sawa."

Akakishika kile kinundu cha pembeni, tayari kukivuta.

"Fundi! Acha!"

Nilipiga kelele mpaka muuza baiskeli akachungulia. Kassian akaiachia saa kana kwamba imemuunguza.

Nimesema baba alikaa hospitali siku tano. Siku mbili za mwanzo alikuwa bado anazungumza. Siku ya pili nilimwambia, "Baba, saa yako imepotea majira." Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo uliokuwa bado unacheka.

"Haijapotea. Ninyi ndio mnaozunguka," akanambia. "Mshale uko kwenye tisa, mnasema saa tatu. Kwa nini nisome kwa kugeuza? Kwangu mshale ukiwa kwenye tatu, ni saa tatu. Na tarehe yangu inabadilika jua likizama, siku ya Mwislamu inapoingia. Sisubiri usiku wa manane kama ninyi."

Siku ya tatu ulimi ukakatika, hakusema tena.

Saa yake niliijua kwa mkanda wa chuma, ule uliokuwa unamnyofoa vinyweleo. Nililelewa na mama, baba nilikuwa namwona sikukuu kwa sikukuu, na uso wa saa yake sikuwahi kuukariri. Mkanda huu wa ngozi ulikuwa mgeni kwangu.

"Fundi," nikasema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Saa ya kujaza ikiachwa, inatembea kwa muda gani?"

"Siku moja. Siku moja na nusu kama springi ni nzima."

"Hii umeijaza wewe?"

"Sijaigusa. Imekuja inatembea."

"Kwa hiyo kuna mtu aliyeijaza jana."

"Jana, au leo alfajiri. Na hajaiacha isimame. Ingesimama, masaa yake yangevurugika. Sita kamili namna hii haiji kwa bahati."

Damu ilinichemka. Miezi minne! Miezi minne mtu amekaa na saa ya baba, anaijaza kila siku kwa raha zake, na mimi naitwa mwizi. Na sasa, kwa kuwa ameambiwa kisomo ni Ijumaa, anaitupa Songea aseme hana.

"Nani kaileta?"

Kassian akatikisa kichwa.

"Hilo sikwambii. Mtu akiniletea saa ya zamani, mara nyingi ana shida, na shida ya mtu siitangazi. Sijamlipa bado. Amesema atafuata chake jioni. Kama una neno naye, kaa."

"Nakaa."

"Lakini kwangu sitaki ngumi."

"Ngumi za nini, fundi? Nina mdomo."

Nikaivaa ile saa, nikakaa kwenye kigoda. Nilikuwa na uhakika ni Muhsini. Nani mwingine? Yeye alikuja hospitali siku ya mwisho, yeye alipokea vitu, yeye ndiye anayetaka mikorosho. Nikaanza kuyapanga maneno nitakayomwambia, kwanza ya heshima, kisha yasiyo na heshima. Nilifurahi, sitawaficha. Sijawahi kufurahi hivyo tangu tumzike baba.

Saa kumi ikapita, saa kumi na moja ikapita. Kila bodaboda iliyosimama niliinyanyukia.

Nilikuwa nimebaki na shaka moja tu, nayo ni ile tarehe. Pengine kuna mzee mwingine mkoa huu anayeweka mishale kama baba. Nikakikazia macho kile kidirisha. Mshale mrefu ukapanda polepole. Ilipofika saa kumi na mbili, mishale yote miwili ikiwa juu kwenye kumi na mbili, namba ndani ya kidirisha ikaanza kusogea. Ikapanda, ikakwama katikati, kisha ikaruka. Ikawa tarehe ya kesho.

Nje kulikuwa bado na mwanga. Nikaubusu uso wa ile saa mbele za watu, sikujali.

"Fundi," ikasema sauti nyuma yangu. "Samahani, baba. Ile saa nirudishie. Nimeghairi kuuza."

Sauti ile naijua kuliko yangu.

Nikageuka. Mama yangu alikuwa amesimama na kanga yake ya kichwani, mkono ameunyoosha juu ya meza, kiganja wazi.

Akaniona. Akaiona saa mkononi mwangu. Mkono wake haukurudi, ulibaki pale pale hewani.

"Zulfa," akasema. "Umeijaza?"

Hakusema nisamehe. Hakusema pole. Aliuliza kama nimeijaza.

"Mama, wewe?"

"Inajazwa magharibi. Mizunguko ishirini na mbili, usizidishe, springi itakatika. Aliijaza hivyo tangu nampa. Nilimnunulia mimi, kwa korosho zangu za kwanza, hujazaliwa."

Kassian akainama, akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

"Mama, nimeitwa mwizi!"

"Najua."

"Umekaa na mimi nyumba moja, tunakula sahani moja, nalia unanifuta machozi, na saa iko chumbani kwako!"

"Ilikuwa ndani ya mto wa kulalia."

Nilimchukia. Naandika hivyo kwa sababu niliahidi kuwaambia kweli. Kwa dakika moja nzima nilimchukia mama yangu mzazi.

"Alikupa?" nikauliza. "Sema alikupa mwenyewe, basi yaishe."

Hapo ndipo alipokishusha kile kiganja, akakitazama.

"Ile siku ya nne ulipotoka kufua, nilikuja. Wakeze hawakuwepo. Ulimi alikuwa hana. Akanyanyua mkono wenye saa, akaniletea hapa, kifuani. Nikamwambia, Alfani, unanipa? Hakujibu. Alinitazama tu. Nikaufungua mkanda. Machozi yakamtoka. Tangu siku hiyo najiuliza, mwanangu. Alinipa, au alitaka nimshike mkono tu nikamvua saa? Kama alinipa, albadiri haina neno na mimi. Kama hakunipa..."

Akakifunika kile kiganja kwa kanga.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini mbele ya wajane wake? Kwamba mtalaka alikuja kumvua marehemu saa kabla hajafa? Nikaibadilisha mkanda, nikasema nitaificha mpaka yapoe. Jana uliposema wasioiba hawaogopi, nikaona niitoe nyumbani. Nikija kufuata pesa, nimefika njia panda nimeshindwa. Nani ataijaza?"

Chuki ikanitoka mwilini, nikabaki na hofu. Mkono ulioichukua na uoze. Nilisema mimi, kwa mdomo wangu, na ubani nikanunua.

"Tuna kesho nzima," nikamwambia. "Nitakwenda Tunduru kabla ya Ijumaa. Nitakisimamisha hicho kisomo."

Simu yangu ikaita. Muhsini.

"Zulfa, nakupa taarifa tu," akasema. "Sheikh ana safari Ijumaa. Kisomo tumekisogeza. Tumeshakaa, tukitoka kusali magharibi tunaanza."

"Kaka, subirini!"

"Tusubiri nini? Si wewe uliyesema tusome hata leo? Hata ubani tunachoma wako. Ongea, nimeweka laudspika, wazee wote wanakusikia."

Nikamwangalia mama. Alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayesikia baridi.

"Acheni kusoma," nikasema kwa nguvu. "Saa imepatikana. Ninayo hapa mkononi."

Upande wa pili ikazuka minong'ono.

"Umeipata wapi?"

"Nimeinunua. Kwa fundi, hapa Mfaranyaki."

"Alhamdulillahi," akasema Muhsini, na nikamsikia anatabasamu. "Basi mpe fundi simu, ataje aliyemuuzia. Amtaje tu, sisi tunafunga vitabu."

Kassian alikuwa ameshanyanyuka. Akanitazama mimi, akamtazama mama, akakibana kile kioo jichoni ingawa hapakuwa na saa mbele yake. Nilijua hatasema. Nilijua pia kwamba akikaa kimya, wao wanasoma.

"Fundi hana la kusema," nikasema. "Niliichukua mimi."

Sikuwahi kusikia ukumbi wa wazee ukipiga kelele vile. Nikaiacha simu iungurume. Mgongo nilikuwa nimeunyoosha, na sauti haikutetemeka. Waliitaka kwa miezi minne, basi na waipate.

"Nimeichukua na ninaivaa, na nitakuja nayo. Mikorosho gawaneni. Sasa fungeni hivyo vitabu."

"Hapana, hapana," akasema Muhsini. "Sheikh anasema haifungwi hivi hivi. Miezi minne umekana, leo unakiri, tujuaje humfichi mtu? Msahafu uko hapa. Apa. Sema, wallahi ni mimi, hakuna mwingine. Ukiapa tunafunga. Usipoapa tunasoma."

Mimi ni mwizi wa kubandikwa. Kiapo cha uongo kwa jina la Mungu sijawahi kula, hata utotoni, hata kwa embe.

Msikiti wa karibu ukaanza kuadhini. Na ndani ya simu, Tunduru, nako wakawa wanaadhini.

"Nipe hiyo simu," akasema mama. Akaunyoosha mkono, ule ule. "Zulfa, nipe. Usijiangamize."

Sikumpa.